Mikono ya mama si mkanda: historia ya kiti cha mtoto ndani ya gari

SEHEMU YA 1: Kiti cha kwanza hakikuwa cha usalama

Wale tuliomaliza pamoja mfululizo wa homa ya manjano kwa watoto wachanga, karibuni tena. Safari hii nakuja na historia. Najua kuna watakaosema nesi kaishiwa mada, anatuletea mambo ya magari. Subirini kwanza. Ukisoma mpaka mwisho utaliangalia gari lako, au gari la shemeji unalopandaga Jumapili, kwa jicho lingine.

Nianze na swali. Kile kiti cha mtoto kinachofungwa ndani ya gari, unadhani kilibuniwa kwa ajili gani? Wengi watajibu, kumkinga mtoto na ajali. Hapana. Kiti cha kwanza kilibuniwa ili mzazi aendeshe kwa raha.

Miaka ya 1930 huko Marekani familia nyingi za kawaida zilishaanza kumiliki gari. Watoto walikaa popote: sakafuni, katikati ya wazazi, wengine wamesimama juu ya kiti wanachungulia dirishani. Mwaka 1933 kampuni moja iitwayo Bunny Bear ikatoa kiti cha kumwinua mtoto. Kazi yake ilikuwa mbili tu: mtoto aone nje asilie, na mzazi amwone mtoto bila kugeuza shingo. Basi. Hakuna aliyefikiria habari ya kugongana.

Viti vilivyofuata vilikuwa vya turubai na vyuma vyembamba, vinaning'inizwa kwa ndoano mbili kwenye mgongo wa kiti cha gari. Vingine viliwekewa usukani wa kuchezea ili mtoto naye "aendeshe" kama baba. Angalia mantiki yake. Ukifunga breki kali, kile kiti kinachomoka pamoja na mtoto, na ule usukani wa kuchezea unakuwa kitu cha kwanza kugonga kifua chake.

Hali hiyo iliendelea karibu miaka thelathini. Na mtoto mchanga je? Huyo hakuwa na kiti kabisa. Alikaa mahali ambapo kila mtu, Marekani, Ulaya na kwetu, aliamini ndipo salama kuliko pote duniani: mikononi mwa mama yake.

Hiyo imani ndiyo mada yangu. Mtaona kwamba chuma na plastiki vilipatikana mapema kabisa. Kilichochelewa ni watu kukubali kwamba mikono haitoshi.

SEHEMU YA 2: Kinachotokea ndani ya sekunde moja

Kabla hatujaendelea na miaka, tuongee kwanza mambo ya mwili, maana bila hayo historia yenyewe haitaeleweka.

Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa. Mwendo wa kawaida wa mjini, hata honi hupigiwi. Likigonga kitu kisichosogea, kuna migongano mitatu. Wa kwanza, gari linagonga. Wa pili, mwili wako ambao bado unakwenda kilomita 50 unagonga kilicho mbele yake: mkanda, usukani, dashibodi au kioo. Wa tatu, viungo vyako vya ndani vinagonga ukuta wa mwili wako mwenyewe: ubongo kwenye fuvu, moyo na ini kwenye mbavu.

Kugonga kwa mwendo huo ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa mita kumi hivi, yaani kama ghorofa ya tatu. Sasa nikuulize: ungekubali kukaa kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, ukampakata mwanao, halafu mtu akusukume, ukitegemea utamshika?

Tupige hesabu kidogo. Mtoto wa kilo 10, pengine wa mwaka mmoja. Katika mgongano huo, ili asiendelee kwenda mbele, anahitaji kuzuiwa kwa nguvu inayolingana na kubeba zaidi ya kilo 200. Hizo ni ndoo kumi za lita 20 zilizojaa, zikuangukie mikononi kwa mpigo mmoja, bila taarifa, kwa muda unaokaribia sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hata mama anayebeba ndoo kichwani kutoka kisimani kila siku hawezi. Baba mnyanyua vyuma hawezi. Hapo hatuzungumzii upendo wala ujasiri, ni misuli ya binadamu ndiyo inafika mwisho wake.

Kama mama mwenyewe hajafunga mkanda, inakuwa mbaya zaidi. Yeye anaruka mbele na uzito wake wote, na mtoto yuko katikati yake na dashibodi. Na wale wanaojifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto waliyempakata wanajua wanachofanya? Mwili wa mtu mzima unambana mtoto kwenye mkanda ule ule. Mbeleko nayo ni ya kubebea tu. Mtoto aliye mgongoni kwa mama aliyeketi kwenye kiti cha gari hana kinga yoyote.

Kitu kingine, mtoto si mtu mzima mdogo. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, chako wewe ni sehemu ya saba au ya nane. Pingili za shingo yake bado zina gegedu nyingi, hazijawa mfupa kamili, na kano zake zimelegea. Kichwa kizito juu ya shingo laini. Kikirushwa mbele kwa nguvu, pingili zinavutika kupita kiasi, na uti wa mgongo uliomo ndani hauwezi kuvutika hivyo. Shikeni hilo, tutalihitaji sehemu inayofuata.

SEHEMU YA 3: Daktari wa Sweden na viti vya wanaanga

Tuliishia kwenye shingo. Sasa tuone nani aliifikiria.

Mkanda wa pointi tatu, huu tunaoufunga begani na kiunoni, ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo kule Sweden. Kabla ya hapo alikuwa anatengeneza viti vya marubani vya kurukia nje ndege inapopata shida. Volvo wakaacha kampuni nyingine zitumie ubunifu huo bure. Mkanda huu umeokoa watu wengi mno. Ila ulipimwa kwa mtu mzima.

Ukimfunga mtoto mdogo mkanda wa mtu mzima, wa juu unapita shingoni au usoni, na wa chini unapanda tumboni badala ya kukaa kwenye mifupa ya nyonga. Mwaka 1962 watafiti wawili Wamarekani, Garrett na Braunstein, waliandika kuhusu majeraha yanayotokana na mkanda uliokaa tumboni: utumbo kupasuka, uti wa mgongo kuvunjika. Ndiyo maana hospitali, mtoto aliyetoka kwenye ajali akiwa na mstari wa mchubuko wa mkanda tumboni hatumwachii arudi nyumbani haraka, hata kama anacheka na kuomba soda. Tunamlaza, tunaangalia tumbo, tunarudia vipimo.

Mwaka huo huo wa 1962 watu wawili, kila mmoja kwao, walitengeneza viti vya watoto kwa nia ya usalama. Mwingereza Jean Ames alitengeneza kiti kinachotazama nyuma, chenye mikanda yenye umbo la herufi Y. Mmarekani Leonard Rivkin wa Denver alitengeneza chake cha fremu ya chuma. Kwa mara ya kwanza swali likawa: mtoto atabaki hai?

Lakini aliyekwenda mbali zaidi ni Msweden, Bertil Aldman. Huyu alikuwa daktari, baadaye akawa profesa wa usalama barabarani katika Chuo Kikuu cha Chalmers, Gothenburg. Alivutiwa na namna wanaanga wa Marekani wa mradi wa Gemini walivyolazwa chali kwenye viti vyao, ili ile nguvu kubwa ya chombo isambae mgongo mzima badala ya kukusanyika sehemu moja. Wamarekani walikuwa wameshalichunguza jambo hili kwa njia ngumu. Kanali John Stapp, daktari wa jeshi la anga, alijifunga mwenyewe kwenye kigari cha roketi mara nyingi ili aone mwili unavumilia kusimamishwa kwa nguvu kiasi gani. Majaribio yake ya mwanzo, mwaka 1947, aliyafanya akiwa ametazama nyuma. Desemba 1954 alipopanda akitazama mbele, alitoka hai lakini macho yamevilia damu.

Aldman akajiuliza: kama mwanaanga mwenye misuli analazwa hivyo, kwa nini mtoto mwenye shingo laini tunamtazamisha mbele? Mwaka 1964 kiti chake cha kwanza kilijaribiwa ndani ya Volvo PV 544. Mtoto anatazama nyuma, mgongo wake kwa dereva. Gari likigonga kwa mbele, kichwa, shingo na mgongo vyote vinasukumwa kwa pamoja kwenye kiti, kama unavyomwegemeza mtoto kwenye kiganja chako ukimwogesha. Shingo haivutwi. Mwaka 1972 Volvo wakaanza kuuza kiti cha aina hiyo.

Sweden waliling'ang'ania wazo hilo. Mpaka leo ni kawaida kule mtoto kutazama nyuma hadi anakaribia miaka minne. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaongeza kitu cha mtoto mkubwa kidogo: busta, kile kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari ukae sawa begani na nyongani. Unaona mzunguko wake? Kiti cha 1933 kilimwinua mtoto aone dirisha. Hiki kinamwinua mkanda umkute pazuri.

SEHEMU YA 4: Sheria iliyoruhusu mikono

Hii ndiyo sehemu niliyotaka sana muisome. Kama una haraka, ruka nyingine, hii soma.

Mwaka 1968 Ford walikuwa wanauza kiti chao kiitwacho Tot-Guard, na General Motors walikuwa na Love Seat. Kwa hiyo viti vilikuwepo. Mwaka 1971 serikali ya Marekani ikaweka kiwango cha viti vya watoto. Vizuri, siyo? Tatizo ni kwamba kiwango hicho hakikudai kiti kijaribiwe kwenye mgongano. Kiti kingeweza kufaulu bila hata siku moja kugongeshwa. Jaribio la kugongesha liliwekwa kwenye marekebisho ya 1979, yakaanza kutumika 1981. Miaka kumi nzima wazazi walinunua wakiamini lebo.

Na wengi hawakununua kabisa. Hapo anaingia mtu ambaye sisi wa afya tunapaswa kumjua: Dk. Robert Sanders, daktari wa watoto na mkuu wa idara ya afya ya kaunti ya Rutherford, jimbo la Tennessee. Hakuwa mhandisi, hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mtu wa chanjo na kliniki kama sisi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: tunamchanja mtoto asife kwa surua, halafu tunampakia kwenye gari bila chochote? Kwake kiti kilikuwa aina nyingine ya chanjo.

Akataka sheria. Mwaka 1976 haikupita. Yeye na mkewe Pat hawakukaa chini, wakawa wanawapigia simu wabunge wa jimbo mmoja mmoja hadi majumbani. Waliopinga walisema maneno ambayo hata leo utayasikia kijiweni: serikali isituingilie namna ya kulea, viti ni ghali, sisi tulikua bila viti na tuko wazima. Mwaka 1977 sheria ikapita, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1978. Tennessee ikawa jimbo la kwanza Marekani kumlazimisha mzazi kumfunga mtoto wa chini ya miaka minne kwenye kiti. Hata sheria ya kumlazimisha mtu mzima kufunga mkanda haikuwepo jimbo lolote wakati huo. New York walipitisha ya kwanza mwaka 1984. Mtoto alimtangulia mkubwa.

Lakini ili sheria ipite, wabunge walichomeka kifungu kimoja. Kilisema hivi kwa maana yake: mtoto anaweza asiwe kwenye kiti, ikiwa mtu mzima amempakata mikononi.

Nataka ukae na hilo kidogo. Sheria ya kwanza ya kumkinga mtoto ndani ya gari iliruhusu kitu kile kile kinachomuua. Na waliokiweka hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wazazi na mababu, wameguswa na picha ya mama na mtoto wake, wakaona nani atamlinda kuliko mama? Ni wazo zuri kabisa mpaka gari lisimame ghafla.

Sanders alirudi tena kupambana. Alilazimika kuwaambia watu jambo gumu kumwambia mzazi yeyote, kwamba mtoto uliyempakata anaweza kufa kwa sababu umempakata. Mwaka 1981 kifungu kile kikaondolewa. Miaka mitatu. Ndani ya hiyo miaka mitatu kulikuwa na mzazi aliyekuwa anafuata sheria, hana kosa, na mikono yake haikutosha.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Kufikia 1985 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria. Na manesi tuliingia hapa hapa: mwaka 1980 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilianzisha kampeni yenye ujumbe kwamba safari ya kwanza ya mtoto, ile ya kutoka hospitali kwenda nyumbani, iwe salama. Hospitali nyingi zikaanza kuazimisha viti kwa wasio na uwezo. Wewe unajifungua, unapewa kiti kwa mkopo, mtoto akikua unarudisha, anapewa mwingine.

Nikifikiria wodi zetu za wazazi, naona jinsi tunavyomfundisha mama kunyonyesha, kusafisha kitovu, kutambua dalili za hatari, tarehe ya kurudi kliniki. Kisha baba analeta gari mlangoni, bibi anafungua mlango wa mbele kwa heshima, mama anakaa na kichanga mikononi, wote tunapunga mkono. Hapo ndipo tulipo sisi: kwenye kile kifungu cha Tennessee, ila kwetu hakijaandikwa popote, kimo vichwani.

SEHEMU YA 5: Mfuko wa hewa, na magari yetu ya Japani

Kuna mtu kaniuliza inboksi: "Nesi, gari langu lina mifuko ya hewa, si inatosha?" Swali zuri, na historia ina jibu lake.

Mfuko wa hewa ni ule unaofutuka ghafla kutoka kwenye usukani au dashibodi gari likigonga. Unatoka kwa mwendo unaozidi kilomita 200 kwa saa. Kwa mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa nyuma kidogo, unasaidia. Miaka ya 1990 magari ya Marekani yalianza kuwekewa mfuko huo upande wa abiria pia. Kuanzia 1995 zikaanza kuripotiwa taarifa za kusikitisha: watoto wachanga waliofungwa vizuri kabisa kwenye viti vyao vinavyotazama nyuma, lakini viti hivyo vikiwa mbele. Ajali ndogo tu, ambazo wazazi walitoka wazima. Mfuko ukafutuka, ukapiga mgongo wa kiti pale kilipo kichwa cha mtoto.

Ndipo zikaja zile lebo za onyo kwenye kivuli cha jua cha abiria wa mbele, na ndipo kanuni ikawa wazi duniani: mtoto akae nyuma. Kile kiti cha mbele tunachompa mama mwenye kichanga kwa heshima ndicho kibaya kuliko vyote.

Tatizo lililofuata lilikuwa ufungaji. Viti vizuri vilikuwa vinafungwa vibaya, vinacheza kama jino bovu. Mwaka 1999 kikatoka kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISOFIX: vyuma viwili vidogo vilivyoshikizwa kwenye bodi la gari, pale kiti cha nyuma kinapokutana na mgongo wake. Kiti cha mtoto kinanasa humo, kinalia "ka!" na kazi imekwisha. Marekani walilazimisha mfumo wao unaofanana na huo kuanzia Septemba 2002.

Sasa hii inatuhusu vipi sisi wa Temeke, Mbezi, Arusha na Mwanza? Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika. Japani wana sheria ya kiti kwa mtoto wa chini ya miaka sita tangu Aprili 2000, na kuanzia Julai 2012 kanuni zao zikadai ISOFIX kwenye magari mapya ya abiria. Mengine yalikuwa nayo hata kabla. Maana yake ni kwamba kuna uwezekano mkubwa gari lako lilishawahi kubeba mtoto kwenye kiti, likavuka bahari, likafika bandarini, na hapa linabeba mtoto kwenye mapaja. Ingiza vidole kati ya mgongo wa kiti cha nyuma na makalio yake. Ukigusa vyuma viwili kama vya kufungia kufuli, ndivyo hivyo. Usipovikuta si mwisho wa dunia, viti vingi vinafungwa kwa mkanda wa kawaida wa pointi tatu. Ila angalia, kwenye magari ya zamani nafasi ya katikati nyuma mara nyingi ina mkanda wa kiunoni tu, nao haufai kwa viti vingi.

SEHEMU YA 6: Nunua kwa akili, funga kwa akili

Haya, historia tumeimaliza. Sasa faida yake. Nitaandika kama ninavyoongea na mama kliniki.

Kanuni ya kwanza: chagua kwa kilo na urefu, umri uje baadaye. Ndiyo sababu ile kadi ya kliniki msiitupe, uzito wa mwanao uko pale.

Mtoto mchanga mpaka angalau mwaka mmoja na nusu, na ikiwezekana miaka miwili na zaidi: atazame nyuma. Kanuni mpya ya Ulaya ya mwaka 2013 inadai miezi 15 kwa uchache. Madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2018 wanasema atazame nyuma kadiri kiti kinavyoruhusu. Miguu kukunjika isikutie wasiwasi. Mtoto anakunja miguu hata akicheza chini.

Akishazidi kipimo cha kiti hicho: kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake mitano, miwili ya mabegani, miwili ya nyongani na mmoja katikati ya miguu.

Akishazidi hapo: busta, mpaka afike sentimita 145 hadi 150. Ndiyo, wengi wanakuwa darasa la tano au la sita! Kipimo chako: akiegemea kabisa, magoti yanakunjika mwisho wa kiti, mkanda wa chini uko kwenye mapaja na nyonga, wa juu uko katikati ya bega. Bado haiwi hivyo? Bado busta.

Ukinunua, tafuta lebo. Viti vya Ulaya vina lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Vya Marekani vina maandishi yanayosema kinafuata kiwango cha 213. Kisicho na lebo yoyote, hata kama kina picha ya katuni na bei nzuri, kiache.

Mtumba je? Sitawaambia msinunue, najua bei za vipya. Lakini muulize anayekuuzia kilikotoka. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali hakifai tena hata kama kinaonekana kizima. Geuza chini uone mwaka wa kutengenezwa, maana plastiki huchoka na viti vingi huwekewa ukomo wa miaka sita hadi kumi. Angalia nyufa, mikanda iliyochanika, kifungio kisichonasa. Cha ndugu yako unayejua historia yake ni bora kuliko cha sokoni usichokijua.

Kwenye kufunga, makosa ninayoyaona sana ni haya:

Kiti kinacheza. Kishike pale mkanda unapopita, kitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, kaza tena.

Mikanda ya mtoto imelegea. Jaribu kuubana mkanda wa begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo, bado. Kiti kinachotazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Kinachotazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo.

Mtoto kazungushiwa khanga kama andazi kabla ya kufungwa. Mkanda wa katikati unapita wapi hapo? Mvalishe nguo za kawaida, miguu huru, funga, halafu mfunike khanga kwa juu. Watu wa Njombe na Arusha, sweta nono nalo hivyo hivyo, linafanya mkanda uonekane umekaza kumbe umekaza sweta.

Kichanga kalala kidevu kimegusa kifua. Hiyo inabana njia ya hewa. Kiti kilale kwa kiwango kilichoandikwa kwenye maelekezo, na kwenye safari ndefu simameni mumtoe. Mkifika nyumbani alale kitandani, kiti cha gari si kitanda.

Na joto letu. Gari likishinda juani, gusa vyuma vya mkanda kwanza kabla ya kumkalisha. Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata "dakika mbili" za kununua vocha.

SEHEMU YA 7: "Mimi sina gari"

Hii najua ndiyo hali ya wengi, na ningekuwa mnafiki nikiipita. Daladala haina mkanda, bajaji haina, bodaboda ndiyo kabisa. Siwezi kukuambia ununue kiti cha kufunga kwenye daladala.

Ninachoweza kusema ni hiki. Safari ya mkoani, chagua basi lenye mikanda inayofanya kazi, na kwa mtoto anayeweza kukaa mwenyewe, lipia kiti chake kama unaweza. Mkanda wake peke yake, hata wa kiunoni uliokaa chini kwenye mapaja, ni bora kuliko kumpakata. Usikae siti ya mbele kabisa karibu na kioo ukiwa na mtoto. Mwambie dereva apunguze mwendo bila aibu, maana nguvu ya kugonga haipandi kwa hesabu ya kawaida: ukitoka kilomita 50 kwenda 100, inakuwa mara nne. Bodaboda, mtoto mdogo asikae mbele ya dereva juu ya tenki, tafadhali jamani.

Na kwa gari la kukodi siku ya kutoka hospitali: kaa nyuma, funga mkanda wako wewe. Ukipata kiti cha kuazima, mtoto afungwe humo. Familia nne za ukoo mmoja zikichangia kiti kimoja kizuri, kinaweza kubeba watoto wote wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Tunachangia harusi, tunachangia kipaimara na maulidi, hili linatushinda nini?

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilitungwa 1973, miaka mitano kabla sheria ya Tennessee haijaanza, na haikuja na kifungu cha kiti cha mtoto. Lakini msisubiri trafiki. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Takwimu za Marekani zinaonyesha kiti kilichotumika sawasawa kinapunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71 na vya wa mwaka mmoja hadi minne kwa asilimia 54. Hakuna dawa wodini kwetu ninayoijua inayofanya hivyo kwa mtoto ambaye ameshafika amevunjika.

Kesho ukimwona mtu kampakata mwanawe siti ya mbele, usimkaripie. Anafanya alichofundishwa kuwa ni upendo. Mwambie taratibu kuhusu zile ndoo kumi. Kama una swali kuhusu kiti ulichonacho, nitumie picha ya lebo na uzito wa mtoto, nitakujibu nikitoka zamu.